Jumanne ya Bi Chausiku

Hapo zamani, na si zamani sana, maana hospitali zilikuwapo, Sikitu aliishi na mama yake, Bi Chausiku, jirani na mashamba ya mkonge. Mama akaanza kusahau. Akasahau chumvi, akasahau njia ya chooni, mwisho akamsahau hata mwanawe. "Dada, wewe wa wapi?" humwuliza. Sikitu alilia mpaka akachoka kulia.

Hospitali ilikuwa na wauguzi wa kushinda na wagonjwa majumbani, lakini wachache mno. Basi daktari akawa anachagua kwa kadi za kliniki. Anayekosa siku yake, anayechanganya dawa, anayeshindwa maswali, huyo ndiye taabani, huyo apewe muuguzi.

Sasa sikieni balaa. Kila Jumanne ya kliniki Sikitu alimwogesha mama, akamvisha khanga mpya, na njia nzima akamkaririsha: "Mama, leo Jumanne. Unaitwa Chausiku. Ukiulizwa, sema sijambo." Hakutaka wamcheke. Dawa alimpa kwa mkono wake mwenyewe. Na kaka yake Hemedi, daktari akiuliza tu, hudakia: "Mama mzima huyu! Anasahau kidogo, uzee." Aliogopa watu watasema mama yao ana wazimu.

Kadi ikawa safi. Daktari akaisoma, asimtazame mama mwenyewe usoni. "Huyu ana nafuu," akasema. Muuguzi akapelekwa nyumba nyingine.

Ijumaa moja Sikitu akatoka kuteka maji. Kurudi, mlango wazi! Mama keshashika njia ya kliniki, peke yake. Mkata mkonge mmoja alikutana naye akamwuliza, "Bibi, hujambo?" Akajibu bila kusita: "Sijambo. Naitwa Chausiku. Leo Jumanne." Yule bwana akacheka, akamwacha apite. Walimwokota siku ya tatu katikati ya mkonge, jua limeshammaliza.

Msibani daktari akasema, "Mimi nilifuata kadi. Ingesema kweli, angepata mtu."

Hemedi akang'aka, "Nilimsitiri mama yangu! Nani hapa asingemsitiri wake?"

Sikitu hakujitetea. Aliikumbatia ile khanga mpya, akarudia neno moja tu: "Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha mimi."

Haya, msiinamishe vichwa, nisemesheni. Yupo aliyesoma kadi asimtazame mtu, yupo aliyedakia majibu, na yupo aliyempenda mama yake hata akamfundisha kuonekana mzima. Je, nani alimpoteza Bi Chausiku?