Kipepeo cha Moto Alichokikalia Kiboko

Zamani, tena zile za kale kabisa, watoto wangu, palikuwa na mji mdogo kuliko punje ya ulezi. Mji huo uliitwa Seli, nao ulikuwa ndani ya ngozi ya tembo. Tembo mwenyewe hakujua kwamba ana mji.

Katikati palikuwa na Nyumba Kuu, na humo iliwekwa kamba ndefu yenye mafundo. Mafundo hayo yalieleza namna ya kutengeneza kila kitu: ungo, mlango, kinu. Upande wa pili palikuwa na Jiko, na moto wake ndio uliopasha mji wote joto. Mpishi alikuwa Shangazi Nungunungu, asiyetoka humo kamwe.

Siku moja kipepeo cha kupepea moto kiliungua. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga ulioshindwa kukua, akaita kupitia tundu dogo ambalo ndilo mlango wa Jiko.

"Shangazi, hali vipi humo?"

"Makaa yanafumba macho, mwanangu. Nisipopata kipepeo leo, moto utazima na sote tutaganda."

Sange hakungoja kuagizwa. Titititi, mpaka Nyumba Kuu. Mlangoni alisimama Faru.

"Babu, naomba kamba, pale palipoelezwa kipepeo."

"Kamba haitoki. Imezaliwa humu, itazeekea humu."

"Na mfano wake?"

Faru akakuna pembe. "Mfano? Hakuna aliyenikataza mfano."

Sange akaingia na uzi wake, akafunga fundo kwa fundo kando ya kamba kuu, pale pa kipepeo tu. Kichwani mwa uzi akaweka kofia ya nta, kama desturi ilivyotaka. Faru akainusa ile kofia, akapisha.

"Ukishasomwa, ufumuliwe," alionya. "Sitaki mifano izagae mjini."

Mnana, ndege fundi wa kusuka, alipoletewa uzi aliupapasa kwa mdomo. Fundo hili ukindu mweupe, fundo lile mweusi. Akasuka ukili, mkanda mrefu wenye ncha nyekundu, kwa kuwa uzi ulisema hivyo. Kisha, kwa mazoea tu, akaushona kwa kuuzungusha, ukawa kipepeo kipana, kizuri.

"Mbona umeshakishona?" Sange alishtuka. "Mlango wa Jiko ni tundu!"

"Mimi kazi yangu haitoki nusu," alisema Mnana, akaufumua ule uzi wa mafundo kama Faru alivyotaka.

Mlinzi wa Jiko alikuwa Kiboko. Alipokiona kipepeo alicheka mpaka tumbo likapiga mawimbi.

"Hakipiti hicho. Walilazimisha sinia zamani, mlango ukapasuka, moto ukamwagika nje. Hapa hupita kitu chembamba chenye ncha nyekundu, basi."

Hilo lilikuwa kweli, na Sange hakubisha.

"Lakini moto unazima, Baba Kiboko."

"Haujazima tangu nizaliwe, utazima leo? Na ili usinifanyie ujanja, nakikalia." Puu! Akakikalia.

Mlinzi asiyetaka kufikiri ni ukuta wenye masikio. Sange akatazama. Karibu na mkia wa Kiboko, ncha nyekundu ilikuwa imechungulia. Akauma uzi wa kushonea, ukakatika, kipepeo kikaanza kufumuka, akaipenyeza ncha tunduni. Ndani, Shangazi akaiona nyekundu, akaishika.

"Baba Kiboko," alianza Sange, "ni kweli siku ya harusi yako ulikalia kiti, kiti kikaomba talaka?"

"Hohoho!" Kiboko akaruka kwa kicheko. Swii, ukili ukaingia. Aliposhuka, ukili ulitaka kurudi nyuma, lakini Shangazi alikwisha kuuchoma miiba yake ndani. Haukurudi.

"Na mkweo alipokuona unakuja, alikimbia kuita mafundi wa ukuta?"

"Hohoho! Alikimbia kweli yule!"

Swii. Swii. Kila kicheko, ukili. Kila ukili, mwiba. Ulipokwisha kuingia wote, Shangazi akaikata ncha nyekundu, maana kazi yake imekwisha, akaushona ukili upya kwa miiba ile ile.

Kiboko akahisi ardhi tupu, baridi, chini ya makalio. Kisha mlango ukang'aa na joto likamgusa mgongoni.

"Shangazi," aliuliza polepole, "unapepea na nini humo?"

"Na hicho ulichokikalia, mwanangu."

Kiboko akainuka, akatazama chini, akatazama mlango. Haukuwa na ufa hata mmoja. Akamgeukia Sange, akasema, "Wewe mdogo, huna mchezo."

Mpaka leo, ndani ya seli zenu, protini nyingi zinazoingia katika jiko la seli huingia zimenyooka kama ukili, zikakunjwa zikishafika.

Nami nawaambia hivi: mzigo ukiushinda mlango, usivunje mlango, fumua mzigo.