Jina Moja Nyuma ya Datsun

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoa na sungura kuwa hakimu, bali zamani ya juzijuzi, redio za kaseti zilipokuwa bado zinaimba vibarazani, palikuwa na mzee mjini Masasi aliyeitwa Chilumba. Mzee huyo alikuwa na gari. Gari lenyewe Datsun ya milango minne, rangi ya chai ya maziwa, limekaa nyuma ya nyumba juu ya matofali miaka na miaka. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, na mzee hakutaka kusikia habari ya kuliuza.

Mkaidi? Naam, mkaidi, lakini mwenye sababu. Gari lile alilinunua kwa korosho za dada yake, Bi Asumini wa Newala. Dada mtu alimwachia mavuno yake yote ya msimu mzima, akamwambia, "Kanunue hilo gari lako, ila siku moja uje unipandishe kiti cha mbele, unitembeze watu wanione." Mzee akaapa. Kisha ikawa leo kazi, kesho mvua, keshokutwa barabara ya mlimani mbovu. Wakapanda majirani, wakapanda mashemeji, wakapanda hata mbuzi wa sikukuu. Bi Asumini hakupanda.

Siku moja ikaja habari kutoka Newala kwamba Bi Asumini anaumwa, miguu haina nguvu tena, na wenye kutaka kumwona wasichelewe. Mzee Chilumba akamwita binti yake Somoe, fundi cherehani.

"Nipeleke kwa dada yangu," akasema.

"Basi lipo asubuhi, baba."

"Basi sipandi. Nikifika bila lile gari nitamwambia nini?"

Somoe alijua kubishana na baba yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Na yeye mwenyewe alimpenda shangazi yake mno, maana ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kufukuza kuku.

Injini ilibembelezwa ikakubali. Breki zikatengenezwa, zikashika. Lakini rimu, ndugu zangu, rimu zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka ukizigonga zinadondoka vipande. Ikabidi zitafutwe nyingine.

Somoe akaenda kwa Tausi, mwanamke aliyeuza rimu na matairi ya mtumba karibu na stendi. Pale ukutani akaona rimu nne za spoti, pana, zinang'aa hata unaweza kujipaka wanja kwa kujitazamia. Kipya kinyemi. Somoe akazipenda papo hapo, akaona baba yake anapanda mlima kama waziri.

"Gari gani, dada?" Tausi akauliza.

"Datsun ya zamani ya mzee wangu. Ina boliti nne. Na hizi zina tundu nne. Nifungie."

Tausi akachukua futi kamba, akapima kutoka tundu hadi tundu, akatikisa kichwa. "Dada, wewe unashona. Shati lina vifungo vinne, na upande wa pili vitundu vinne, lakini nafasi zikipishana litafungika? Hizi tundu zake zimebanana kuliko boliti zako. Tena ni pana, ukikata kona tairi litakula madigadi."

"Nimeambiwa fundi anaweza kuzilazimisha."

"Anaweza. Ndiyo maana sikuuzii."

Somoe akakasirika. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba duka lenyewe lilivyo kimya angemshukuru Mungu kupata mteja. Kweli, Tausi alikuwa hajauza kitu tangu mwezi uandame. Hata hivyo alimfuata Somoe hadi barabarani, akamwambia, "Nenda kwa Mkwinda, yule wa gari la harusi. Datsun yake na yenu ni mapacha."

Mkwinda alikuwa na Datsun moja tu, lakini aliitunza kama mboni ya jicho. Ilibeba maharusi wa mji mzima, imevaa rimu za spoti za rangi ya dhahabu, tundu zake sawasawa na boliti, upana wake wa kiasi, tairi limejificha vizuri ndani ya madigadi. Somoe alikwenda kuuliza tu zinapatikana wapi. Mkwinda akamsikiliza habari ya shangazi, akaingia ndani, akatoka na jeki.

"Kaka, unafanya nini?"

"Navua. Hizi hazipatikani tena. Chukueni."

"Na harusi ya Ijumaa?"

"Bibi harusi ana miguu mizima," akasema Mkwinda, na gari lake likabaki juu ya mawe.

Mngedhani hadithi imekwisha. Haijaisha. Rimu zile, kama rimu nyingi zisizotoka na gari kiwandani, zimetobolewa katikati tundu kubwa ili zikae kwenye magari ya kila namna, na nafasi inayobaki huzibwa kwa pete. Pete za Mkwinda zilikuwa za plastiki, zimekauka kwa uzee, zikavunjika zote wakati wa kuvua. Somoe akafunga rimu bila pete, akatoka nazo kidogo barabarani. Gari lilipoongeza mwendo usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Akarudi taratibu, akaketi pembeni ya gurudumu, akalia.

Akapita Fundi Kalembo, mkereza mbao, mtu wa maneno mengi kuliko mbao. Kazi yake miguu ya vitanda na vinyago. Akauliza analilia nini, akaonyeshwa. Akaingiza kidole kwenye ile nafasi, akacheka.

"Hili tu? Unataka bangili."

Akachukua gogo la mpingo, mbao ngumu kuliko zote za kwetu, akapima habu, kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu, akapima tundu la rimu, akakereza pete nne nyeusi, laini, zinaingia kwa kubana. Zilipovishwa, rimu ikakaa katikati yake barabara. Nati zikakazwa kidogo kidogo, moja kisha ile inayoitazama, na usukani ukatulia. Somoe akamshonea Kalembo shati la kitenge. Kalembo akalivaa papo hapo, akapanda kiti cha nyuma bila kualikwa, akasema pete ni zake na lazima azisikilize mlimani.

Wakapanda. Kona ya kwanza, Somoe kwenye usukani na baba yake kando, Kalembo katoa kichwa dirishani anasikiliza. Kona ya pili, kichwa nje. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo ambalo chini yake miti inaonekana kama mchicha. Kila kona tairi lilizunguka ndani ya madigadi bila kugusa, na kila kona Somoe aliziwazia zile rimu pana za ukutani, akapunguza mwendo.

Wakafika. Bi Asumini akabebwa, akawekwa kiti cha mbele. Akashika dashibodi kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe ndilo hili," kisha akaamuru azungushwe Newala yote, polepole, mbele ya soko, mbele ya msikiti, mbele ya nyumba ya wifi yake aliyewahi kumcheka. Mzee Chilumba mwenyewe alishika usukani, akaendesha huku analia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Waliporudi nyumbani Bi Asumini akasema, "Ndugu yangu, nimeshiba. Sasa nyuma ya gari hili mwandike asante. Msiandike jina langu, mimi nimeshapanda. Mwandikeni aliyenifikishia. Jina moja. Mkirundika majina, kila mtu atashukuriwa nusunusu." Mvua za mwaka ule zilipokatika, Bi Asumini akafariki, naye amelala na uso mkunjufu. Maneno yale yakawa wasia.

Basi Somoe akamwita mwandishi wa mabango, akawaita na wale watatu wote, akawakalisha kwenye mkeka, akawapikia pilau. Alianza kwa kumwomba Tausi radhi mbele ya watu. Tausi akasema yalikwisha siku ile ile. Kisha wasia ukatajwa, na kila mtu akawa na la kusema.

Tausi akasema, "Mimi niliacha kuuza nikiwa na njaa. Ningeuza, tungekuwa tunazungumzia korongo, si gari. Na aliyewaonyesha kwa Mkwinda ni nani?"

Mkwinda akasema, "Kukataa si kutoa. Hata mlango uliofungwa unakataa."

"Mlango haujui anayebisha ana mzee nyumbani," akajibu Tausi.

"Mimi nilivua gari langu nguo msimu wa harusi," Mkwinda akaendelea. "Wale wa Ijumaa wakakodi kwingine, wakawahadithia wenzao, na mpaka leo sijapata maharusi kama zamani. Sijutii. Lakini kutoa ni moyo, na moyo ulikuwa wangu."

Kalembo akapangusa mdomo. "Rimu zako bila pete zangu ni masufuria ya dhahabu. Lilitetemeka, halikutetemeka?"

"Wewe ulishonewa shati," akasema Mkwinda.

"Shati la kukereza. La kutoa kichwa korongoni sijashonewa."

Watu wakacheka, hata Mzee Chilumba. Lakini mwandishi wa mabango hakucheka, maana alikwisha kuandika ASANTE kwa herufi nene nyekundu, nafasi iliyobaki ni ya jina moja, na rangi ilikuwa inaanza kugandia kwenye brashi. Somoe akamtazama aliyemkataza, akamtazama aliyempa, akamtazama aliyemkamilishia. Wote watatu anawapenda. Wasia hauvunjwi.

Haya, ninyi mliokula maneno yangu bila kunisaidia hata kukohoa: mwandishi ameinua brashi. Je, nani alistahili? Aandike jina la nani?