Korongo Watatu wa Kikombe

Mnaniudhi! Kila jioni hadithi, hata sijanawa mikono. Haya, sikilizeni.

Jini alimpa Makame kikombe kidogo cha kaure, cha Wajapani kunywea pombe yao ya mchele, kimechorwa kwa mkono mawimbi na korongo watatu. "Kila korongo ni umri mzima. Mnyweshe maji mkeo mgonjwa, atapona."

Makame akaonja kwanza. Korongo akaruka, mvi za Makame zikageuka nyeusi.

"Baba Tatu, maji yangu?" mkewe akaita.

"Subiri, naonja!"

Akanywa tena, wa pili akaruka. Akanywa tena, wa tatu akaruka.

Mkewe akaletewa kikombe kisicho na ndege. Akakitazama. "Umeonja vizuri, bwana." Akafa.

Makame akabaki kijana. Akamzika bintiye Tatu, akazika wajukuu, akazika vitukuu. Hadi leo analilia kaburi lake mwenyewe, halipati.