Zeze Lililoweka Neno la Senzia

Zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita! Haya, sogeeni. Na wewe unayekwaruza kigoda, acha. Kisa hiki hakitaki mikwaruzo.

Huko milimani Upare alikuwako fundi wa mazeze, jina lake Senzia. Alichonga mti, akausugua kwa majani ya msasa, akaupaka rangi nyekundu ya magome yaliyochemshwa, akangoja. Akapaka tena, akangoja tena. Mwisho mafuta ya nyonyo. Na hapo palikuwa na mwiko: mafuta yakiwa mabichi, fundi hasemi. Hasemi hata neno! Mti ukinywa mafuta, unakunywa na maneno.

Mkewe, Nambua, alikuwa mgonjwa, mwaka wa pili hainuki kitandani. Senzia ndiye mpishi, ndiye mfuaji, ndiye wa kumgeuza ubavu. Akamchongea zeze la kumliwaza. Asubuhi moja Nambua kafumba macho ndani, naye yuko uani anapaka mafuta, anapaka, anapaka. Mgongo unamuuma, uji unaungua jikoni. Neno likamponyoka: "Nimechoka mimi! Si afe tu, nipumzike!"

Loo! Akaziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta, lakini lilishatoka. Akaepua uji, akamnywesha Nambua kijiko kwa kijiko, na usoni hakumtazama.

Zeze likakauka. Akaenda nalo nyuma ya nyumba kulijaribu, akavuta upinde mara moja tu. Zeze likasema, kwa sauti yake yeye Senzia: "Si afe tu."

Nywele zikamsimama! Akakwangua rangi yote, mti ukabaki mweupe. Kulipokucha, rangi imerudi. Akakwangua, ikarudi. Akakwangua, ikarudi, tena imekolea!

"Mume wangu, zeze langu liko wapi?" Nambua akauliza kutoka ndani.

"Bado halijakauka, mke wangu."

"Lilete hivyo hivyo. Na mafuta ulete."

Akampa vyote viwili. Nambua akalipaka mwenyewe, polepole, midomo ikimcheza. Alichosema hakikusikika.

"Litundike ukutani," akamwambia. "Usilipige mpaka siku nitakapokuwa sipo."

Miaka minne likaning'inia pale. Kila asubuhi uji, kila jioni kumgeuza, na kila akipita chini ya zeze Senzia anainamisha kichwa. Nambua akafariki, wakamzika. Watu walipoondoka, mchana kweupe, Senzia akaliteremsha, akavuta upinde. Ikatoka sauti ya Nambua, karibu kabisa, kama yuko kitandani pake:

"Nilikuwa macho, Senzia. Nilikusikia siku ile ile. Na uji wako niliunywa wote."

Senzia akakaa chini akalia kwa sauti, hata majirani wakarudi.

Basi nyie, mkimuuguza mtu mtachoka, na kuchoka si dhambi. Lakini chungeni ndimi zenu, maana mgonjwa aliyefumba macho si lazima amelala.

Kisa nimekipaka, nimekianika. Atakayekigusa kikiwa kibichi, asiseme neno.