Masurufu ya Kwenda Juu

Hapo zamani za kale, mwezi ukiwa bado chini kidogo kuliko ulivyo leo, Tembo alikuwa na kisima, na kila asubuhi anakuta maji yamepungua. Basi akaamua: mtu mmoja arushwe juu mbinguni, akae huko huko, amlindie kisima.

"Nani mwepesi?" akawauliza wanyama.

Nyati akaonyesha kwa pembe. "Mtoto wa Bi Pimbi."

Bi Pimbi akamvuta mtoto wake karibu. Mtoto mwenyewe, Tunu, hata meno hayajakamilika, na mwanzi wa kumrushia umeshapindwa, kikapu kimeshafungwa kwenye ncha, na wakimbilie wapi, kisima chenyewe ni hicho kimoja? Akapiga goti.

"Shikamoo, Baba Tembo. Tunu ataenda, mimi sina neno. Ila masurufu je? Ukimsafirisha mtoto wa watu mikono mitupu, watakusema."

Tembo hapendi kusemwa. "Mpeni gunia la mtama."

"Ahsante, baba. Na wa kumbebea?"

"Nyani ataenda naye."

"Na Nyani, yeye hatakula?"

Tembo akafikiri. "Magunia mawili."

"Mawili Nyani hayawezi peke yake. Labda aende na Ngiri. Na Ngiri mnajua anavyokula."

Yakawa manne. Mwanzi ukalia kriii. Nyati akasema mwanzi huu mwembamba, uletwe mti mnene. Mti mnene ukataka mizigo ifungwe kwa kamba nene, kamba nazo zikawa mzigo, Nyani akataka mwenzake wa kuzishika, na mwenzake naye anakula. Kufika adhuhuri ghala la Tembo lilikuwa jeupe, halina hata punje.

"Haya, Tunu apande."

Wakatazama kikapuni. Nafasi ya Tunu haikuwepo.

"Punguzeni magunia," akasema Tembo.

"Ya nani, baba?" akauliza Bi Pimbi. "Ya Nyani au ya Ngiri?"

Nyani akanuna. Ngiri akanuna. Wakiwa wananuna hivyo, mti ukasema kwacha, ukakatika.



"Baba," akasema Bi Pimbi taratibu, "na mlinzi akikaa pale jabalini kwetu? Kisima chote kinaonekana. Tena masurufu hatutaki mengi. Haya yaliyopo yatatosha."

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Hukuniuliza, baba."

Yakapandishwa jabalini magunia yote. Kesho yake Tembo akakuta maji yamepungua.

"Nani amekunywa?"

Juu ya jabali Bi Pimbi alikuwa anamfuta Tunu maji mdomoni.

"Hatujaona mtu, baba."

Kwa hiyo, wanangu, mkubwa akitaka kuwatuma mbali, muulizeni kwanza mtakula nini.