Nyumba Iliyofunga Mdomo

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi juzi tu ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshaota meno, katika kijiji cha Ihanga, kule milimani kwenye baridi na mashamba ya maua ya pareto, palikuwa na msichana aliyetaka kuwa mwalimu. Jina lake Subilaga. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake Anyosisye, mpasua mbao, pamoja na shangazi yao Tusekile, mlimaji wa pareto. Nyumba moja, watu watatu, jiko moja. Na kelele zake sasa! Anyosisye alikuwa na mdomo usiolala. Akirudi kutoka kazini alisimulia mambo ya siku nzima huku akiigiza sauti za watu, shangazi akicheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa khanga, na Subilaga katikati yao akiwaambia wanyamaze asome. Hawakunyamaza.

Basi siku hizo wakubwa wa elimu wakatoa tangazo. Anayetaka kufundisha shule apimwe kwanza Kiingereza, msamiati na sarufi, kwa kalamu na kwa mdomo. Mtihani ulikuwa mjini, mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Subilaga akaenda. Kwenye karatasi alijikongoja. Kwenye mdomo, mama mtahini alimuuliza jambo jepesi kabisa la nyumbani kwao, naye akakodoa macho, ulimi ukagoma, akatoka mle ndani bila kusema hata neno moja. Akafeli. Akarudi Ihanga, akajifungia chumbani, akalia.

Kaka yake alikaa kizingitini akiwaza. Hata alipoinuka alikuwa na dawa yake.

"Mdogo wangu, Kiingereza unacho. Kiko kichwani, mdomoni ndipo hakifiki, kwa sababu sisi tunakujaza maneno yetu kutwa kucha. Tangu leo, humu ndani na hata huko nje, hakuna kukusemesha ila kwa Kiingereza. Asiyekijua na afunge mdomo."

"Na wewe unakijua?" shangazi akauliza.

"Sikijui."

"Na mimi?"

"Wewe ndiyo kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutanyamaza, shangazi. Mpaka afaulu."

Shangazi akacheka, akidhani ni mzaha wake wa kila siku. Haukuwa mzaha.

Pale kijijini mtu wa kusema Kiingereza alikuwa mmoja tu, Mzee Mwaipungu. Huyu alikuwa mkalimani wa mahakama. Ujana wake wote alisimama kati ya hakimu na washitakiwa akigeuza maneno ya huyu yawe ya yule. Alipostaafu alirudi Ihanga na mkewe. Mke akafariki, watoto wakawa mbali, na kile Kiingereza chake kikakosa mtu wa kukijibu. Anyosisye alipokwenda kumwomba amfundishe dada yake, mzee alikubali hata ombi halijaisha.

Maisha yakawa hivi. Asubuhi Subilaga anaamka, kaka yake anamwonyesha uji kwa kidole. Mchana anakwenda kwa mzee, anasemeshwa. Jioni anarudi, shangazi anamsogezea sahani. Asubuhi kidole, mchana maneno, jioni sahani. Majirani wakasema nyumba ile imegombana. Wengine wakaja kusuluhisha, wakamkuta Anyosisye ameketi kimya anapasua kuni, naye akawafukuza kwa mkono.

Mzee Mwaipungu alifundisha kweli kweli. Alimtajisha vyombo vyote vya jikoni, viungo vyote vya mwili, mazao, magonjwa, hata vitu vya baharini ambavyo Subilaga hajawahi kuviona. Akamfundisha kuichukua sentensi ya jana kuipeleka kesho, na ya mtu mmoja kuifanya ya watu wengi. Akikosea, anarudia. Akipata, mzee anagonga fimbo chini na uso wake wote unakunjuka. Subilaga aliyapenda yale masaa. Yalikuwa ndiyo masaa pekee ambayo mtu alimwita jina lake.

Maana nyumbani, jamani, nyumbani palimla. Alikaa na watu wake wawili anaowapenda kuliko wote duniani, magoti yanakaribia kugusana karibu na moto, na yuko peke yake. Alianza kuongea na sufuria. Alikuwa akisikia watu wanacheka nyumba ya pili, anasimama dirishani anasikiliza mpaka waache.

Mavuno yakaja, mtihani ukakaribia. Akamwendea mzee. "Babu, niende?"

Mzee akaitazama fimbo yake. "Bado hujaiva, binti. Ngoja mwakani."

Mwaka mzima mwingine! Subilaga alirudi nyumbani. Kaka yake aliposikia kwa watu, alitikisa kichwa, akaendelea kunyamaza.

Asubuhi ya pili yake Subilaga alichukua madaftari yake yote akayapeleka shambani, kule kwenye vichanja vya kuanikia pareto, ili akayachome moto. Shangazi akamfuma. Akatazama madaftari, akatazama kiberiti, akatazama huku na huku kama kuna mtu. Kisha akafungua mdomo.

"Mke wa Kajela kajifungua mapacha," akasema. "Na mumewe kakimbilia kilabuni kwa hofu."

Subilaga akaduwaa. Kisha akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, na shangazi akamkumbatia, akamsimulia yote yaliyompita: nani kaolewa, nani kaachwa, ng'ombe wa nani kaingia kanisani. Tangu siku hiyo, kila wakichuma pareto wawili hao walipiga soga kwa sauti ya chini. Wakirudi nyumbani, midomo inafungwa. Kaka mtu hakuambiwa. Shangazi alisema, "Tukimwambia atakasirika, na tukimkasirisha atazidisha." Subilaga akakubali, maana alikuwa na kiu.

Mwaka huohuo Anyosisye aliletwa nyumbani amebebwa na wenzake. Gogo lilikuwa limemlalia mguu kule msituni. Hakusema kitu. Mguu ulipona ukiwa umepinda, akawa anachechemea. Subilaga alimkanda kwa maji ya moto kila siku, naye kaka anamtazama tu, macho yamejaa, mdomo kimya.

Ukaja mtihani. Safari hii mzee alimruhusu. Ukumbini walijaa vijana waliotaka ualimu, wanatetemeka. Subilaga aligeuza karatasi, na maneno yakawa yanamjia yenyewe. Nafasi zilizoachwa wazi alizijaza, sentensi zilizopinda akazinyoosha. Saa ya mdomo ikafika, mama mtahini yuleyule, swali lilelile la nyumbani: jioni mkikaa jikoni, mnazungumza nini?

Subilaga akamjibu kwa Kiingereza safi, pasipo kigugumizi, kwamba hawazungumzi.

Mama mtahini akacheka sana. Alidhani ni utani, na mtu anayeweza kutania kwa lugha ya wageni amekwishaijua. Akampa alama zote. Subilaga naye akatabasamu, halafu akaenda nyuma ya ukumbi akasimama peke yake ukutani.

Akafaulu. Habari zilipofika Ihanga, Anyosisye alisimama katikati ya nyumba akafungua mdomo wake. Sauti ikatoka imekwaruza. "Hongera, mdogo wangu." Wote wakangoja aendelee. Hakuendelea. Alitafuta la kusema hakuliona, akatoka nje. Mdomo usiolala ulikuwa umezoea kulala. Jioni hiyo ruhusa ya kusema ilikuwepo, nao walikula kimya.

Haukupita muda akaja mjumbe kutoka shule ya Lukombe, ng'ambo ya milima, na punda wake wawili. Akawasalimu vizuri, akapewa kiti, akasema lililomleta.

"Tumepewa mwalimu Subilaga, tunashukuru. Ila mwalimu aliyepita alitukimbia. Kazi haikumshinda, upweke ndio uliomshinda. Mvua zikianza njia inafungwa, huonani na mtu wa kwenu mpaka kiangazi. Kwa hiyo mwalimu mkuu anasema, mwalimu aje na mtu wake wa kukaa naye. Mmoja, maana nyumba ni chumba kimoja. Akija peke yake hatumpokei, tutaomba mwingine. Kesho asubuhi tunaondoka."

Alikuwepo Anyosisye. Alikuwepo shangazi. Alikuwepo na Mzee Mwaipungu, amekuja kumpongeza mwanafunzi wake, kavaa koti lake la mahakamani. Wakatazamana.

Mzee ndiye aliyeanza. "Mimi sina haya ya kuomba. Kila neno aliloandika mle ukumbini limetoka kinywani mwangu. Kufundisha hakuishi siku ya mtihani, kule Lukombe atahitaji mtu wa kumsahihisha. Na mimi nikibaki hapa, nitasema na nani? Nimebakiza siku chache. Nisingependa kuzimaliza nikiongea na ukuta. Nichukue mimi, mwanangu."

Anyosisye akasema, "Mzee, wewe ulitoa maneno uliyokuwa nayo mengi. Mimi nilitoa yangu nikabaki bila. Nani alimlea huyu? Nani aliweka sheria iliyomfaulisha? Na niliishika." Akaushika ule mguu. "Subi, sijawahi kukwambia. Siku ile ya gogo, ulipita. Nilikuwa bondeni, nimebanwa, wewe uko njiani pale juu unatoka kwa mzee, unasema maneno yako kwa sauti. Nilikuona mpaka viatu. Nikaziba mdomo kwa mkono huu. Nikasema, nikimwita nitamharibia. Ukapita. Nimelala pale mpaka wenzangu waliponikuta."

Subilaga aliikumbuka siku ile. Alikuwa na furaha siku ile, sentensi zilikuwa zinamjia bila kutafuta.

"Kaka! Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita kwa lugha gani?"

Shangazi akapiga makofi kwa uchungu. "Huo si upendo, ni ukaidi! Mtu anavunjika mguu na haiti msaada, kwa ajili ya sheria! Sasa nisikilizeni na mimi. Mzee alimpa maneno, wewe ulimpa kimya, na vyote viwili nusura vimuue. Mimi nilimkuta na kiberiti mkononi. Nani alimzuia? Mimi ndiye niliyemsemesha. Kila siku, kwenye pareto, nilimsemesha mpaka akapata nguvu ya kuendelea. Bila mimi pasingekuwa na mwalimu wa kugombea. Lukombe hakutaki sarufi, kunataka mtu wa kucheka naye. Nitakwenda mimi."

Anyosisye akamgeukia polepole. "Ulimsemesha?"

Shangazi akatazama chini.

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

"Kwa hiyo humu ndani," Anyosisye akasema, "nilinyamaza peke yangu."

Subilaga alitaka kumwambia kitu, akaona aibu, maana naye alikuwa kwenye soga zile. Shangazi alipoona ameumiza, akatafuta wa kumtwisha mzigo.

"Na yote haya yasingefika huko," akamwambia mzee, "kama mwaka ule ungemruhusu. Nilimsikia binti huyu akisema peke yake shambani, maneno yanatiririka. Alikuwa hajaiva kweli? Sema mbele ya mgeni."

Mzee Mwaipungu, aliyesema kwa niaba ya watu maisha yake yote, alikosa la kusema kwa niaba yake mwenyewe. Alizungusha fimbo mkononi. Mwishowe akasema, "Alikuwa ameiva. Nilijiambia, mwaka mmoja tu zaidi wa kusikia hatua zake mlangoni. Sikujua kwamba hapa nyumbani mlikuwa mnalipa ninyi."

Basi ikawa hivyo. Mmoja alisema, akamchelewesha. Mmoja alinyamaza, akavunjika. Mmoja alivunja kimya, akamficha mwenzake. Na bila hata mmoja wao, Subilaga asingeupita mtihani ule. Alikaa katikati yao, akageuka kwa huyu akamwona mpweke, akageuka kwa yule akamwona mpweke, na njaa yake mwenyewe ya kuwa na mtu ilikuwa inampasua kifua. Alimpenda kila mmoja na alikuwa na kinyongo na kila mmoja.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Mjumbe alifunga mizigo ya mwalimu juu ya punda wa kwanza, akaacha punda wa pili mtupu. Watatu wale walisimama uani, wameachiana nafasi, hakuna aliyebeba furushi, maana hakuna aliyekuwa na hakika. Anyosisye ameegemea ukuta, kasimamia ule mguu mzima. Shangazi kajitanda khanga mpaka kidevuni. Mzee kafunga vifungo vyote vya koti.

"Mwalimu," mjumbe akaita, "mwenzako ni yupi? Njia ni ndefu."

Subilaga akavuta pumzi, akafungua mdomo, akataja jina moja.

Mimi nalijua lile jina, lakini silisemi, msije mkajificha nyuma yake. Semeni ninyi mnaonisikiliza, na kila mtu ajibu kwa sauti, asininyamazie. Aliyemsemesha, aliyemnyamazia, na aliyevunja kimya kwa siri: punda yule wa pili alikuwa wa nani? Na wale wawili waliobaki uani, wewe ungewaambia nini kabla hujaondoka?