Mkungu wa Kwanza wa Mgomba wa Chupa

Fumbeni macho kidogo, watoto wangu. Hata wewe unayechungulia. Sasa tazameni: kuna chupa ya kioo, kama ile ya jemu. Chini ya chupa kuna kitu kilichoganda, kama uji uliopoa. Na juu ya uji huo umesimama mgomba. Ni mgomba kamili, una majani na una mizizi, lakini urefu wake haufiki kidole chako kidogo cha mwisho. Mnauona? Basi fumbueni macho, maana hadithi yetu ni ya mgomba huo.

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi, ni zamani ya juzijuzi tu, redio na simu zilikuwa zimeshafika, palikuwa na kihamba kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Kihamba ni shamba la nyumbani: migomba juu, kahawa chini yake, na nyumba katikati. Mwenye kihamba hicho alikuwa Bibi Anasia.

Bibi Anasia alipoolewa alikuja na chipukizi la mgomba kutoka kwa mama yake. Lilikuwa la mshare, wa aina ambayo majirani hawakuwa nayo. Ndizi zake zilikuwa fupi na nene, na mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulikuwa laini mpaka mtu alisahau kutafuna. Kila mwanamke aliyejifungua katika nyumba ile alilishwa mtori wa mshare ule. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: anayempelekea mzazi mkungu wa kwanza ndiye anayempa mtoto jina la nyumbani. Mnalijua jina la nyumbani? Ni lile unaloitiwa kula, unaloitiwa kuoga, na ambalo watu wanaokupenda wataendelea kukuita hata ukiwa na mvi.

Kisha ukaja mnyauko. Majani yakageuka manjano, yakalala kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukikata shina, linatoa usaha. Dawa hakuna. Unang'oa, unafukia, unalia kidogo, unaendelea kung'oa. Bibi Anasia aling'oa mpaka ukabaki mshare mmoja tu, mpakani kabisa, ubavuni mwa kihamba cha jirani.

Wakati huohuo kitindamimba wake alikuwa ametoka kuoa. Mke wake aliitwa Manka. Kila Bibi alipomtazama mkwe wake, alisema, "Huyu naye akijifungua nitampikia nini? Ndizi za sokoni? Mtoto atapewa jina kwa mkungu wa sokoni?"

Sasa wajueni watu watatu.

Wa kwanza ni Aikande, binti wa Bibi. Aikande alikuwa fundi cherehani, na juu ya meza yake palikuwa na redio. Wengine husikiliza mpira, wengine husikiliza nyimbo. Aikande alisikiliza habari za maabara. Huko mjini palikuwa na maabara inayokuza mimea ndani ya chupa, na redio ya mkoa ilikuwa na kipindi chake kila wiki. Aikande hakukikosa. Maabara ikipata mtaalamu mpya, Aikande anajua. Umeme ukikatika na jenereta ikakataa kuwaka, Aikande hali vizuri siku hiyo.

"Aikande," mteja mmoja alimwambia, "umenishonea mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi."

"Nisamehe dada. Nilipofika kwenye mkono wa pili, walikuwa wanaeleza viazi vya chupa."

Jioni akiwamenyea ndizi nyumbani aliwasimulia yote, na wote walicheka.

Wa pili ni Ndekirwa, kaka yake, mfugaji wa ng'ombe. Ndiye aliyecheka kuliko wote. "Dada, huyo mtu wa maabara anakuoa lini? Maana tumeshamzoea hapa mezani."

Wa tatu ni Eliufoo, yule jirani wa mpakani. Watu walimwita Baba Ndeshi, kwa jina la binti yake. Naye Ndeshi alikuwa anakaribia kuolewa, na baba yake alikuwa na mstari mzuri wa migomba ya mbege, ile pombe ya ndizi, yote imebeba mikungu michanga, ikingoja harusi.

Siku moja Aikande alikuja mbio, uzi ukining'inia begani. "Mama! Maabara wanatafuta migomba ya zamani! Wakipata chipukizi zima watalizalisha kwenye chupa, watarudisha miche safi isiyo na ugonjwa!"

Safari hiyo hakuna aliyecheka. Bwana shamba akaitwa. Akauzunguka mshare, akalikagua jani, akatazama ng'ambo ya mpaka.

"Mgomba huu ni mzima," alisema. "Lakini chipukizi lake bado dogo, lahitaji muda. Na ng'ambo kule naona mmoja umeshaugua. Nyuki wanatoka kwenye maua ya kule wanakuja kwenye maua ya huku. Mstari ule ukibaki, chipukizi hili litaugua kabla halijafika maabara."

Ni nani angemwambia Baba Ndeshi akate mbege ya harusi ya binti yake?

Eliufoo mwenyewe alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma. Akauliza, "Nikikata, mimi nitapata nini?"

"Hutapata kitu," alisema bwana shamba.

"Asante kwa kusema kweli," alisema Eliufoo, akaenda kuchukua panga.

Alikata mstari wote. Siku ya harusi ikafika, na harusi ikanywewa soda. Harusi ya Kichaga, mlimani, bila mbege! Ndugu zake walimzunguka na chupa zao mkononi. "Eliufoo, umetualika harusini au kwenye mkutano wa kwaya?" Eliufoo alitabasamu, akawaongezea soda.

Chipukizi likakua, likapelekwa maabara. Tangu hapo habari za Aikande zikawa habari za nyumba nzima. Aikande akisema, "Wameligawa, limeanza kuchipua," Bibi anapiga makofi. Akisema, "Leo umeme ulikatika," hata Ndekirwa anaacha kijiko hewani. "Na jenereta?" "Iliwaka." "Haya, tuleni." Huku mpakani ule mshare wa mwisho nao ukanyauka, ukang'olewa. Lakini mtoto wake alikuwa mjini, ndani ya kioo.

Hatimaye miche ikawa tayari. Ndekirwa akashuka mjini, akarudi na kapu la chupa amelikumbatia kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa sikilizeni kwa makini, hapa ndipo palipoharibika. Wiki ileile, kwenye kipindi, walieleza jinsi ya kulea miche ya chupa. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa, na Aikande alikuwa akishona sare. Cherehani ilipiga kelele kutwa, na redio ikazungumza peke yake. Wiki hiyo moja tu.

Naye Bibi Anasia akaipokea miche kama alivyopokea migomba maisha yake yote. Alichimba mashimo juani, akajaza samadi mbichi, ya moto, ile nzuri kabisa. Akaitoa miche kwenye chupa, akaipanda, akaiimbia. Alifanya hivyo kwa upendo, watoto, msimcheke. Kufikia jioni miche ilikuwa imelala chini kama mchicha uliochemshwa. Ukabaki mmoja tu chupani, tena ulibaki kwa sababu samadi iliisha kwenye karai kabla zamu yake haijafika.

Bibi akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa khanga.

Ndekirwa akaichukua ile chupa iliyobaki. Hakuwa amesoma kitu. Alisema tu, "Huyu ni ndama asiye na mama. Ndama wa hivyo humtoi malishoni siku ya kwanza." Akauhamishia mche kwenye kopo la udongo laini, akauweka kivulini zizini, akaufunika kwa mfuko wa nailoni ili usikauke. Kila siku aliufungua kidogo, uzoee hewa. Kila siku akausogeza kidogo, uzoee mwanga. Mbuzi akiusogelea, Ndekirwa anamkemea kwa sauti ambayo hata watoto wake hawakuwahi kuisikia.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "umeniolea mgomba?"

"Mke mwenza mpole huyu. Hali ugali wako."

Mche ukakua. Ukahamia shambani. Ukawa mgomba, ukatoa ua, ukabeba mkungu. Na wakati ndizi zinanenepa, tumbo la Manka nalo lilikuwa linanenepa.

Manka akajifungua mtoto wa kike. Bibi Anasia akabandika sufuria, akaweka nyama, akasema, "Nileteeni mkungu."

Mara wakatokea watu watatu kwenye mgomba mmoja, na kila mtu ana panga lake.

"Kaka, rudisha panga lako," alisema Aikande. "Mtoto nitampa jina mimi. Bila sikio langu, mngejua kuna maabara? Miaka yote mlinicheka, nami niliendelea kusikiliza. Nilipoteza wateja kwa mikono mirefu na mifupi. Mgomba huu uliingia katika nyumba hii kupitia redio yangu."

"Na ukataka kufia kwenye redio yako," alisema Ndekirwa. "Wiki tuliyokuhitaji ulikuwa unashona sare. Mimi ndiye niliyeulea. Wewe ulileta habari, dada, lakini habari hailiwi. Habari haitoi mkungu. Mimi niliulinda na jua, nikaulinda na mbuzi, nikaulinda na mke wangu."

"Wewe uliyekuwa unanicheka!"

"Nilicheka, ndiyo. Lakini nilicheka huku nikimwagilia."

Eliufoo alikuwa bado hajasema. Aliegemeza panga lake kwenye mguu. "Ninyi mmemaliza? Haya. Wewe Aikande ulifanya kwa ajili ya mama yako. Wewe Ndekirwa ulifanya kwa ajili ya mama yako. Mimi je, huyu ni mama yangu? Mgomba si wangu, kihamba si changu, mtoto si wa ukoo wangu. Lakini nilikata migomba yangu, na binti yangu akaolewa kwa soda. Mpaka leo nikipita, watu wananiuliza kama nina soda ya baridi au ya kawaida."

"Baba Ndeshi, pole," alisema Ndekirwa, "lakini mstari wako ungekufa tu. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia."

"Ungekufa," alisema Eliufoo. "Ungekufa baada ya harusi."

Hapo Ndekirwa akaanza kujikuna kichwa. Kisha akacheka. "Sawa. Lakini ukishinda wewe, mtoto wetu ataitwa Soda."

"Na akishinda dada yako ataitwa Redio," alisema Eliufoo. "Na wewe utamwita nani? Ndama?"

Wakacheka wote watatu, lakini hakuna aliyerudi nyuma hata kidogo. Wakageuka kwa pamoja wakamtazama Bibi Anasia, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, amua," alisema Aikande.

Bibi akatikisa kichwa. "Mimi msiniulize. Binti yangu aliusikia, jirani yangu aliutolea chake, mwanangu aliulea. Mimi niliyeubeba kutoka kwa mama yangu ndiye niliyeiunguza mingine kwa samadi. Mimi nina mdomo gani?"

Wakasimama pale, mgomba katikati yao, mkungu umeinama kama unasikiliza. Kutoka ndani mtoto akalia, mtoto asiye na jina la nyumbani bado. Na Manka akaita, "Mama! Jamani huko nje! Maji ya mtori yanakauka!"

Basi watoto wangu, mimi nimewafikisha hapo kwenye shina la mgomba, na sisogei tena. Yupo aliyesikia wengine walipocheka, wiki moja asisikie. Yupo aliyecheka, kisha akalea. Yupo aliyetoa kilicho chake kwa ajili ya mgomba usio wake. Mapanga ni matatu, mkungu ni mmoja. Je, nani alistahili kuukata na kumpa mtoto jina?

Bishaneni, nawaruhusu. Bishaneni hata njiani mkirudi nyumbani. Nawaomba tu mkumbuke jambo moja: Manka bado hajala.